Tanzania haikujitoa Mahakama ya Afrika: kilichofungwa ni kipi, na njia zipi zimebaki

Kila Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inaposoma hukumu inayoihusu Tanzania, watu huulizana: si tulishajitoa? Wengine huenda mbali zaidi na kusema hukumu hiyo haina nguvu, kwa kuwa nchi haimo tena. Si kweli, na kosa hili lina gharama, maana anayeamini kwamba mlango wa Mahakama hiyo, iliyoko Arusha, umefungwa kabisa huacha muda wake wa kudai haki upite bila kuandika hata barua moja.

Tuanze na nyaraka zenyewe, kwa sababu ziko mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni Itifaki iliyounda Mahakama. Ilipitishwa Ouagadougou tarehe 10 Juni 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Tanzania iliiridhia mwaka 2006, na mwaka uliofuata Mahakama ikahamishia makao yake Arusha. Nchi iliyoridhia Itifaki inaweza kushtakiwa mbele ya majaji 11 wa Mahakama hiyo, lakini wenye haki ya kuishtaki ni wachache: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Banjul nchini Gambia, nchi nyingine mwanachama, na mashirika ya kiserikali ya Afrika. Mwananchi wa kawaida hayumo.

Nyaraka ya pili ndiyo inayomwingiza mwananchi. Ibara ya 34(6) ya Itifaki inasema kwamba mtu binafsi au asasi ya kiraia inaweza kwenda mahakamani moja kwa moja ikiwa tu nchi husika imeweka tamko la kukubali hivyo. Tanzania iliweka tamko lake Machi 2010, kwa sharti kwamba mwombaji awe amemaliza njia zote za kisheria za ndani na Katiba ya nchi izingatiwe. Kenya, Uganda na Burundi ziliridhia Itifaki lakini hazikuweka tamko. Mkenya, basi, hajawahi kuwa na ruhusa ya kufungua shauri lake mwenyewe Arusha, ingawa jengo la Mahakama liko mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Namanga.

Kilichotokea Novemba 2019 ni kwamba Tanzania iliondoa nyaraka ya pili. Umoja wa Afrika uliipokea notisi hiyo tarehe 21 Novemba 2019. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba tamko lilikuwa likitekelezwa kinyume na masharti iliyoyaweka. Itifaki yenyewe ikabaki palepale. Tanzania bado ni mwanachama, bado ni mwenyeji, bado inaweza kushtakiwa na Tume, na bado ina wajibu wa kutekeleza hukumu.

Itifaki haisemi lolote kuhusu kuondoa tamko, na swali hilo lilikuwa limeshaamuliwa katika shauri la Rwanda, nchi ya kwanza kuondoa tamko lake, mwaka 2016. Mahakama ilisema nchi ina haki ya kuondoa tamko iliyoliweka kwa hiari yake, ila kwa sharti la notisi ya mwaka mmoja, na kuondoka huko hakugusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Kwa Tanzania maana yake ni kwamba mlango wa moja kwa moja ulifungwa rasmi tarehe 22 Novemba 2020, na shauri lililosajiliwa kabla ya siku hiyo linaendelea hadi mwisho. Mashauri yaliyosubiri yalikuwa mengi, ndiyo maana hukumu ziliendelea kutoka mwaka 2021, 2022, 2023 na baada ya hapo. Benin na Côte d'Ivoire nazo ziliondoa matamko yao mwaka 2020.

Kwa nini mashauri ya Tanzania yalikuwa mengi kiasi hicho

Amnesty International ilihesabu kwamba hadi Septemba 2019, maamuzi 28 kati ya 70 yaliyotolewa na Mahakama yaliihusu Tanzania. Mtu anaweza kudhani hayo yote yalikuwa mashauri ya wanasiasa na wanaharakati. Sehemu kubwa ilitoka magerezani, kwa watu waliohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo cha maisha kwa ubakaji, au kunyongwa kwa mauaji.

Hukumu iliyoweka msingi ilitolewa tarehe 20 Novemba 2015. Mwombaji alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Alishtakiwa bila wakili, katika kosa ambalo adhabu yake ya chini ni miaka hiyo 30. Alikuwa mgonjwa, na kesi ikaendelea hadi hukumu bila yeye kupata nafasi ya kujitetea. Mahakama ya Afrika ilisema kwamba mtuhumiwa wa kosa lenye adhabu nzito namna hiyo, asiye na uwezo wa kulipa wakili, anastahili kupewa wakili kwa gharama ya serikali hata asipoomba. Hoja ya serikali kwamba hakuomba, na kwamba sheria wakati ule haikuilazimisha kumpa, ilikataliwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea matarajio. Mahakama haikuamuru mfungwa huyo aachiliwe. Ilisema kuachiliwa kunaweza kuamriwa katika mazingira ya pekee tu, kisha ikaiagiza serikali irekebishe uvunjaji huo kwa njia inayofaa, ila isiwe kwa kuanzisha kesi upya, kwa kuwa muda mrefu wa kifungo ulikuwa umeshatumikiwa. Katika mashauri mengi yaliyofuata, ambamo kasoro iliyothibitika ilikuwa kukosa wakili peke yake, Mahakama ilizoea kutoa fidia ya shilingi 300,000 za Tanzania kwa maumivu ya moyo, na kifungo kikabaki kama kilivyo. Mimi naona kiasi hicho ni kidogo mno kwa mtu aliyekaa gerezani zaidi ya miaka kumi baada ya kujitetea peke yake. Lakini mfungwa na familia yake wanapaswa kujua hivyo kabla hawajaanza, maana Mahakama ya Afrika si mahakama ya rufaa dhidi ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Haipimi upya kama shahidi fulani alisema kweli. Inapima kama utaratibu uliotumika uliheshimu Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Kundi la pili la mashauri liligusa sheria zenyewe. Tarehe 28 Novemba 2019, wiki moja tu baada ya notisi kupokelewa, Mahakama ilisema kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka haki ya uhai, kwa sababu kinamlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayetiwa hatiani kwa mauaji bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji. Kunyonga nako kulielezwa kuwa ni kinyume na utu. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Julai 2020 ikafuata hukumu juu ya Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi. Katika shauri hilo hoja ya kumaliza njia za ndani ilikuwa rahisi kuliko kawaida: ikiwa Katiba yenyewe inaifungia mahakama mlango, hakuna njia ya ndani ya kumaliza.

Shauri linaloonyesha vizuri safari nzima ni la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lugakingira, ilikubali kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo na kuifuta haki hiyo. Mtikila akarudi mahakamani na kushinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Ndani ya takriban mwaka mmoja mashauri mawili yakafika Mahakama ya Afrika, moja la Mtikila na jingine la Tanganyika Law Society pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Yaliunganishwa, na tarehe 14 Juni 2013 Tanzania ikapatikana na kosa la kukiuka haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, uhuru wa kujumuika na usawa mbele ya sheria. Katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020, mgombea bado alipaswa kupitia chama. Mtikila alifariki Oktoba 2015.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu, na ni afadhali usemwe wazi. Mahakama haina dalali wa kukamata mali wala polisi wa kutekeleza amri. Nchi iliahidi katika Ibara ya 30 ya Itifaki kutii hukumu. Isipotii, Mahakama huandika jina lake katika ripoti ya mwaka kwa wakuu wa nchi, na Baraza la Mawaziri wa Umoja wa Afrika ndilo linalofuatilia. Yapo mafanikio: Burkina Faso ilirekebisha sheria yake ya kashfa baada ya hukumu ya Desemba 2014 iliyopinga kumfunga mwandishi wa habari kwa kosa la kashfa. Kwa Tanzania, hukumu ya Mtikila imebaki kuwa kumbukumbu ya kisheria inayotajwa na mawakili, huku Katiba ikiwa bado haijabadilishwa.

Jambo moja husahaulika: jaji Mtanzania hakai katika shauri la Tanzania. Ibara ya 22 inakataza. Madai kwamba majaji wa nyumbani wanaipendelea nchi au kuikomoa hayana msingi, hata katika miaka ambayo rais wa Mahakama alikuwa Jaji Augustino Ramadhani au Jaji Imani Aboud.

Panapoangusha mashauri

Sheria inataka mambo saba kabla shauri halijasikilizwa, na yameorodheshwa katika Ibara ya 56 ya Mkataba. Matano hayamsumbui mtu makini: jitambulishe, taja haki zilizokiukwa, usitukane, usitegemee habari za magazeti peke yake, usilete jambo lililokwishaamuliwa na chombo kingine cha kimataifa. Mawili yaliyobaki ndiyo huua mashauri.

La kwanza ni kumaliza njia za ndani. Kwa mfungwa wa Tanzania, Mahakama ilishikilia msimamo kwamba njia za kawaida zinaishia Mahakama ya Rufani. Maombi ya mapitio mbele ya mahakama hiyohiyo, na shauri la kikatiba Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ni njia za ziada ambazo hakulazimika kuzipitia. Msimamo huo uliokoa mashauri mengi. Lakini anayepinga sheria, si hukumu ya jinai, kwa kawaida anapaswa kuanzia kwenye shauri la kikatiba. Na marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mwombaji wa Tanzania aambatishe kiapo kinachoeleza jinsi uvunjaji huo ulivyomwathiri yeye binafsi, na aonyeshe kwamba amemaliza nafuu zilizomo katika sheria nyingine. Asasi zilizozoea kufungua mashauri kwa niaba ya umma zilibanwa hapo.

La pili ni muda. Mkataba unasema shauri lifunguliwe ndani ya "muda unaofaa" bila kutaja miezi. Kwa miaka kadhaa Mahakama ilikuwa mpole: mfungwa asiyejua kusoma, asiye na wakili, aliyekuwa akisubiri mapitio, alisamehewa hata miaka mitano. Kuanzia mwaka 2019 mkono ukawa mzito. Maombi yaliyoletwa baada ya miaka mitano, sita au minane yalianza kutupwa pale mwombaji aliposema tu "nilikuwa gerezani" bila kuonyesha gerezani huko kulimzuiaje. Mabadiliko hayo yana maana hata leo, kwa sababu Tume ya Banjul inatumia Ibara hiyohiyo ya 56, na imewahi kuchukua miezi sita kama kipimo cha kuanzia. Anayetaka kujilinda aweke karatasi: nakala ya hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi, hukumu za ngazi zote, tarehe aliyopewa kila nakala, na barua alizoziandika kuomba nakala zilizochelewa zikiwa na muhuri wa ofisi iliyozipokea. Gerezani barua hupita kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo muhuri wake ndio ushahidi wa siku iliyotumwa.

Kuhusu gharama, Mahakama ya Afrika haitozi ada ya kufungua shauri, na Tume nayo haitozi. Fedha huliwa na wakili, nakala na safari.

Banjul: njia ndefu iliyowafikisha Ogiek

Kwa Mtanzania wa leo, kama ilivyo kwa Mkenya na Mganda, mtu hupeleka malalamiko kwa Tume, na Tume ikiona inafaa hulipeleka shauri Mahakamani. Waogiek, jamii ya wenyeji wa Msitu wa Mau nchini Kenya, walifuata njia hiyo. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Novemba hiyohiyo malalamiko yalifika Tume. Tume ikatoa amri ya muda, Kenya haikuitii, na Julai 2012 Tume ikalipeleka shauri Arusha. Hukumu ilitoka tarehe 26 Mei 2017: Kenya ilikiuka haki zao za ardhi, dini, utamaduni, maendeleo na kutobaguliwa. Hoja kwamba wanafukuzwa ili kulinda msitu ilikataliwa, kwa kuwa serikali haikuthibitisha kwamba wao ndio waliouharibu. Juni 2022 Mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85, ambapo milioni 57.85 ni za hasara ya mali na milioni 100 za maumivu ya moyo, pamoja na hati ya pamoja ya ardhi yao. Novemba 2023 baadhi yao waliondolewa tena msituni.

Karibu miaka kumi na mitatu, basi, tangu malalamiko hadi amri ya fidia. Na uamuzi wa kupeleka shauri Arusha ni wa Tume, wala mlalamikaji hawezi kuulazimisha. Mashauri iliyowahi kuyapeleka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mawili kati ya hayo yalihusu Libya. Anayeandika Banjul aandike akitegemea uamuzi wa Tume yenyewe, na ikiwa maisha au makazi yako hatarini, aombe amri ya muda katika barua ya kwanza kabisa. Bila amri ile ya muda iliyopuuzwa, shauri la Ogiek lisingekuwa na sababu nzito namna ile ya kupandishwa.

Mahakama ya jirani na siku zake sitini

Arusha kuna mahakama nyingine, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na hiyo haidai tamko. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali kwa kukiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hahitaji kumaliza njia za ndani. Mamlaka yake rasmi juu ya haki za binadamu bado yanasubiri itifaki, kwa hiyo mawakili hujenga hoja juu ya Ibara ya 6(d) na 7(2), zinazozungumzia utawala bora na utawala wa sheria. Ukileta malalamiko ukitaja haki za binadamu peke yake, pingamizi la awali litakusubiri. Ukieleza jinsi kitendo hicho kilivyovunja utawala wa sheria, mahakama itasikiliza. Baraza la Habari Tanzania na wenzake walifanya hivyo, na Machi 2019 vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vikaonekana kukiuka Mkataba.

Mtego wake ni Ibara ya 30(2): miezi miwili tangu kitendo au sheria, au tangu mlalamikaji alipojua. Kitengo cha Rufaa kilishasema kwamba mahakama haina mamlaka ya kuongeza muda huo, na hoja ya "uvunjaji unaoendelea" haisaidii. Vijiji vinne vya Loliondo vilijua hivyo: nyumba zilichomwa katika uondoaji wa wakazi wa Agosti 2017, shauri likafunguliwa Septemba. Kilichowakwamisha mwanzoni kilikuwa ushahidi. Septemba 2022 mahakama ya awali ililitupa shauri ikisema haikuthibitishwa kwamba uondoaji ulifanyika kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikatengua uamuzi huo na kuagiza lisikilizwe upya. Katika mgogoro wa mpaka, ramani iliyopimwa na mtaalamu na picha zenye alama za mahali huwa na uzito kuliko mashahidi kumi wanaosema "ilikuwa kwetu".

Kwa wanawake na watu wenye ulemavu kuna mlango mwingine ambao Tanzania haijaufunga. Ilijiunga na itifaki ya hiari ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na ya mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Wajane wawili walionyimwa urithi kwa mujibu wa Tamko la Sheria za Kimila la 1963 walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba sheria hiyo ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta. Rufaa yao ilikaa miaka minne, kisha mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa kwa sababu tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na kosa, kosa la mahakama yenyewe. Kamati ya Umoja wa Mataifa iliamua mwaka 2015 kwamba haki zao zilikiukwa. Kamati ya watu wenye ulemavu nayo imetoa maamuzi juu ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino nchini.

Na tamko la Arusha? Itifaki inaruhusu nchi kuliweka wakati wa kuridhia au wakati wowote baadaye, kwa hiyo kulirudisha kunahitaji waraka mmoja kwa Umoja wa Afrika. Hadi hapo, mwenye shauri aanze kwa kuhesabu siku. Ikiwa kitendo hakijafikisha miezi miwili na kinagusa utawala wa sheria, aende kwanza Mahakama ya Afrika Mashariki. Ikiwa miezi hiyo imepita, amalize ngazi za ndani bila kupoteza muda, na malalamiko ya Banjul yaandikwe nakala ya hukumu ya mwisho ikiwa bado mpya mkononi.